Sekunde Mbili: Historia ya Gari Linalowaka Kisha Linazima

Moja. Mbili. Kimya.

Hiyo ndiyo sauti niliyoisikia siku 12 mfululizo nje ya ploti yetu mwaka jana. Anko anapiga stata, injini inashika vizuri kabisa, inanguruma kama haina shida duniani, halafu moja, mbili, kimya. Anajaribu tena. Moja, mbili, kimya. Watoto wa ploti walikuwa washaanza kuhesabu pamoja naye kwa sauti, ati ni mchezo.

Kwa anko haukuwa mchezo. Gari lenyewe ni kagari ka Kijapani ka injini ya 1300, mtumba, na yeye ni mwenye gari wa tatu hapa Kenya. Alikuwa amelinunua kwa mkopo wa chama ili afanye teksi. Siku gari lisipotoka, hakuna doo, na chama hakitaki kusikia habari za stata. Siku ya mkutano ni siku ya mkutano.

Alikuwa na fundi wake, mzee ambaye amekuwa chini ya magari tangu kabla mimi nizaliwe. Mzee akabadilisha plagi. Moja, mbili, kimya. Akabadilisha koili. Akabadilisha chujio la mafuta. Akaleta pampu ya mafuta. Jumla, shilingi 31,500. Moja, mbili, kimya.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho bado kinanipa aibu. Niliingia kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa nikaandika kwamba yule mzee ni tapeli, anakula pesa za watu akibahatisha. Mnajua venye mimi naandika. Watu wakacheka, wakasambaza. Kufikia Jumapili, wateja wake wawili walikuwa wamehamisha magari yao.

Nilikosea. Mzee hakuwa mwizi, na hata hakuwa fundi mbaya. Ili nieleze vile nilikosea, inabidi nirudi nyuma kiasi, hadi mwaka 1888. Vumilia, tutarudi kwa anko.

Maswali mawili ya mama mmoja Ujerumani

Karl Benz alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886. Shida ni kwamba watu hawakuliamini. Mke wake, Bertha, ndiye aliyechoka kungoja. Agosti 1888 aliwachukua wanawe wawili wa kiume, Eugen na Richard, bila hata kumwaga mumewe, akaendesha gari kutoka Mannheim hadi kwao Pforzheim. Ni safari ya karibu kilomita 100.

Njiani gari lilisumbua. Inasimuliwa kwamba mrija wa mafuta ulipoziba, Bertha aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme ulipopata shida, aliufunika kwa mkanda wake wa soksi. Mafuta yalipokwisha alienda duka la dawa mji wa Wiesloch, kwa sababu wakati huo petroli nyepesi ilikuwa dawa ya kuondoa madoa, na hakukuwa na kituo cha mafuta popote duniani.

Sasa angalia mambo mawili aliyoshughulikia mama huyu: mrija wa mafuta na waya wa umeme. Kwa lugha ya garage zetu, alijiuliza: mafuta yako? Moto uko? Hayo maswali mawili yaliwatosha mafundi kwa karibu miaka 80 baada yake. Ukipeleka gari kwa mzee yeyote aliyejifunza kazi zamani, ukimwambia halishiki, atachomoa plagi aangalie moto, kisha atanusa mafuta. Si ushamba. Ni urithi wa tangu Bertha.

Zamani dereva ndiye alikuwa kompyuta

Lakini kuna kitu hatukifikirii. Kuwaka na kuendelea kuwaka ni kazi mbili tofauti. Injini baridi ina njaa. Petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma baridi, kwa hiyo inabidi uipe mafuta mengi kuliko kawaida hadi ipate joto. Kwenye magari ya kabureta, kazi hiyo ilikuwa ya choki: unavuta kifundo, mlango wa hewa unajifunga kidogo, injini inanyonya mafuta zaidi. Ukisahau kuvuta, gari linawaka kisha linakufa. Ukisahau kurudisha, linajaa mafuta na linakufa pia. Dereva alisikiliza kwa sikio na kurekebisha kwa mkono. Yeye ndiye alikuwa kompyuta.

Na kuwasha kwenyewe kulikuwa hatari. Ulizungusha mkono wa chuma mbele ya gari, na injini ikirudi nyuma ghafla inakuvunja kiwiko. Aliyemaliza hiyo balaa ni Mmarekani Charles Kettering. Mfumo wake wa moto wa betri uliingia kwenye Cadillac za 1910, na stata yake ya umeme ikaingia kwenye Cadillac za 1912. Tangu hapo mtu yeyote anaweza kuwasha gari bila kujali ana misuli au hana.

Ila stata inakula umeme sana. Inapozunguka, nguvu ya betri inashuka, na moto wa plagi unakuwa dhaifu wakati ule ule unapouhitaji zaidi. Wahandisi walitafuta ujanja, na kwa magari mengi ya katikati ya karne ya 20 ujanja ulikuwa huu: koili ipewe njia mbili za umeme. Ukishikilia ufunguo kwenye stata, umeme unaingia moja kwa moja kwa nguvu zote. Ukiachilia ufunguo, umeme unapita kwenye rezista ndogo inayoupunguza, ili koili isiungue.

Ushaona inakoelekea? Ile rezista ikikatika, gari linashika likiwa kwenye stata, na linazima sekunde unapoachilia ufunguo. Moto uko, mafuta yako, lakini njia ya pili imekufa. Fundi wa zamani akisikia dalili hiyo, hata hafungui boneti kwanza. Anakuambia ni kitu gani ukiwa bado mlangoni.

Hawa ndio mafundi waliotulea. Miaka ya 1960 na 1970 Safari Rally ilitawaliwa na magari kama Peugeot 404 na Datsun, na Joginder Singh alishinda 1965, 1974 na 1976. Miaka ya 1970 magari yalianza kuunganishwa hapa hapa: Thika, Mombasa, Nairobi. Injini za enzi hiyo unaweza kuzielewa kwa macho, sikio na pua. Mzee wa anko alijifunza kwenye hizo, na alizijua kama mtu anavyojua nyumba yake gizani.

Swali la tatu lilitoka kwenye moshi wa California

Kilichobadilisha kila kitu si mbio, ni moshi. Mapema miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ule ukungu mchafu uliokuwa ukichoma macho ya watu wa Los Angeles ulihusiana na moshi wa magari na viwanda vya mafuta. California ikaanza kubana, na mwaka 1970 Marekani nzima ikapitisha sheria kali ya hewa safi. Kabureta haikuweza kupima mafuta kwa usahihi uliotakiwa.

Mwaka 1967 Volkswagen ilitoa 1600 yenye mfumo wa Bosch wa kunyunyizia mafuta kwa umeme, gari likiwa na kisanduku cha elektroniki kinachoamua kiasi cha mafuta. Mwaka 1975 magari mengi mapya ya Marekani yakaanza kuwekwa kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Japani nayo ilikaza sheria zake miaka hiyo hiyo, na kampuni zake zikaingia kwenye mifumo ya elektroniki.

Kichujio hicho kilikuwa na adui mmoja: risasi. Petroli ya wakati huo ilikuwa na risasi ili injini isigonge. Na unajua ilitoka wapi? Iligunduliwa 1921 na Thomas Midgley, mfanyakazi wa yule yule Kettering wa stata. Mtu mmoja alitupunguzia mikono kuvunjika, na maabara yake ikatupa sumu hewani. Afrika kusini mwa Sahara, karibu nchi zote ziliachana na petroli ya risasi kufikia Januari 2006. Dunia nzima ilimaliza mwaka 2021, na habari hiyo ilitangazwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri.

Turudi kwenye injini. Pamoja na hivyo vifaa, swali la tatu likaingia: umevuta hewa kiasi gani? Kompyuta haiwezi kutoa mafuta bila kujua hewa. Mifumo mingi ya miaka ya 1970 na 1980 ilipima hewa kwa kibao kidogo kinachosukumwa na upepo unaoingia. Wahandisi wakakipa kibao hicho kazi ya pili ya usalama: pampu ya mafuta iendelee tu kama hewa inapita. Ukipata ajali na injini ikazima, pampu nayo izime, mafuta yasimwagike kwenye moto. Wakati wa stata pampu inapewa umeme kwa njia nyingine, lakini ukiachilia ufunguo inategemea kibao. Mguso wa kibao ukichakaa, au mpira wa hewa baada ya kibao ukipasuka, gari linawaka na kuzima. Dalili ile ile ya rezista ya zamani, sababu tofauti kabisa. Fundi aliyezoea rezista ataitafuta mpaka jioni na hataiona, juu haipo.

Magari ya baadaye yalitupa kibao na kuweka sensa ndogo isiyo na kitu kinachosogea. Choki ikaondoka, na kazi yake ikagawanywa kati ya kompyuta na kivalvu kinachopitisha hewa kidogo ukiwa hujakanyaga eksileta. Kivalvu kikijaa masizi, gari linazima unapotoa mguu.

Halafu hayo magari yakaja kwetu

Miaka ya 1990 soko lilifunguliwa na mitumba ya Japani ikamiminika. Si bahati kwamba ni Japani: wanaendesha upande mmoja na sisi, na huko gari hupitia ukaguzi mkali wa serikali, mara ya kwanza likiwa na miaka mitatu kisha kila miaka miwili. Gharama zake huwafanya wengi waone afadhali waliuze. Sisi tukaweka sheria yetu ya gari lisizidi miaka minane, na Mombasa ikawa mlango.

Gari lilifika. Elimu yake haikufika. Kitabu cha maelezo kimeandikwa Kijapani. Ufunguo wa pili umebaki nyumbani kwa mtu Osaka. Historia ya matengenezo imepotea kati ya mnada, meli, yadi na wenye gari wawili. Mafundi waliopaswa kupewa darasa jipya walipewa tu gari, wakaambiwa tengeneza. Wengi walijifunza, kwa jasho lao, bila mwalimu. Halafu sisi tukawaita wa kubahatisha.

Swali la nne: wewe ni nani?

Mapema miaka ya 1990 wizi wa magari ulipanda sana Ulaya. Jibu la watengenezaji lilikuwa ufunguo unaozungumza. Ndani ya plastiki ya ufunguo kuna chipu ndogo isiyo na betri. Kuzunguka tundu la ufunguo kuna koili inayoipa chipu umeme wa hewani, na chipu inajibu kwa namba yake. Kompyuta ikiitambua, sawa. Isipoitambua, inakata. Kufikia Oktoba 1998 Umoja wa Ulaya ulikuwa umeulazimisha mfumo huo kwa magari mapya ya abiria, na watengenezaji wa Japani nao wakauweka kwenye magari yao mengi. Unaitwa imobilaiza.

Kuna magari ambayo yakikukataa hayashiki kabisa. Lakini mengine, yakiwemo mengi ya Kijapani, yanakuruhusu uwashe, yanakuhoji injini ikiwa tayari inanguruma, na usipojibu yanakata mafuta.

Moja. Mbili. Kimya.

Siku ya 12 rafiki ya mamangu alituletea dada mmoja anayeshughulika na umeme wa magari. Hakufungua boneti. Alimwambia anko awashe mara tatu, akahesabu kwa saa. Mara zote tatu, sekunde mbili. Akaangalia dashibodi, akaonyesha taa ndogo nyekundu yenye mchoro wa ufunguo, inapepesa. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameuliza.

"Anko, huu ufunguo ni wa kwanza ama ni wa kuchonga?"

Anko akanyamaza. Ufunguo wake ulikuwa umepotea wiki mbili nyuma, wikendi ya matanga. Alikuwa amekumbuka kuna nakala ya zamani kwa aliyemuuzia gari, imepinda, haiingii tundu. Akaenda kibanda cha funguo, akachongewa chuma kipya kwa umbo la ile nakala. Ukaingia, ukazunguka, gari likawaka. Kwa akili ya kawaida, ufunguo ukiwasha gari basi ufunguo ni mzuri. Nani angeufikiria tena?

Ile nakala iliyopinda ilikuwa bado kwenye droo, na chipu yake ndani. Dada akaishikilia karibu na tundu huku anko akizungusha ule wa kuchonga. Moja, mbili, tatu, nne, kumi. Likaendelea. Watoto wa ploti walikosa mahali pa kuishia kuhesabu.

Kwa hivyo mzee alikosea wapi?

Nililifikiria hilo usiku mzima. Mzee alipopima moto, moto ulikuwako. Alipopima mafuta wakati wa stata, mafuta yalikuwako. Alipopima baada ya kuzima, mafuta yalikuwa yamekatwa, akahitimisha pampu. Vipimo vyake vilikuwa vya kweli. Aliuliza maswali ya Bertha na akapata majibu sahihi. Ila gari lilikuwa linauliza swali ambalo halikuwepo duniani wakati yeye anajifunza kazi.

Sisemi mzee hana lawama kabisa. Kubadilisha kitu cha nne wakati vitatu havijasaidia ni dalili kwamba ungesimama ufikirie. Lakini kuna tofauti kati ya mtu asiyejua na mtu anayeiba, na mimi niliifuta hiyo tofauti kwa simu yangu, kwa dakika moja, mbele ya mtaa mzima.

Somo ninalowaachia, hasa nyinyi mnaojichanga mnunue gari la kwanza, ni hili: kabla hujanunua spea, hesabu. Na ujue gari lako ni la enzi gani.

Kama ni la zamani na linazima ukiachilia ufunguo tu, fikiria njia ya pili ya umeme: rezista, au swichi ya ufunguo yenyewe. Kama linazima sekunde ile ile kila mara, na kuna taa nyekundu inapepesa, shuku ufunguo. Kama linawaka, linadhoofika polepole kama mtu anayeishiwa pumzi, angalia mafuta: pampu, chujio, au ekzosi iliyoziba. Kama linabaki hai ukikanyaga eksileta tu, angalia njia ya hewa na masizi. Kama ukichomoa waya wa sensa ya hewa linatulia, sensa inaidanganya kompyuta. Na ukisikia mluzi chini ya boneti, kuna mpira umepasuka unavuta hewa isiyohesabiwa. Mwambie fundi wako hizo sekunde na hizo dalili. Usimwambie tu "inazima." Ukisema hivyo umemwachia miaka zaidi ya 130 ya sababu achague mwenyewe, kwa pesa zako.

Na ukilinunua gari, uliza ufunguo wa pili. Usione haya. Huo ufunguo ni sehemu ya gari kama usukani.

Mimi nilirudi garage. Nikamkuta mzee amekaa kwenye tairi, anakunywa chai. Nikamwambia, "Mzee, nimekuja kuomba msamaha. Niliandika kitu ambacho sikukijua." Hakunijibu mara moja. Akauliza tu, "Kwani ilikuwa nini?" Nikamweleza habari ya chipu. Akaomba kuuona ufunguo. Akaugeuza, akaugonga kwenye kucha, akauweka karibu na sikio kama mtu anayesikiliza saa.

"Kumbe hii ndiyo ilikuwa inanishinda," akasema. Akarudisha pesa ya pampu kwa anko kwa mafungu matatu, bila kuombwa. Mimi niliandika kwenye ile grupu tena, na safari hii nikaandika jina langu juu kabisa. Mteja mmoja alirudi. Wa pili hajarudi mpaka leo, na hiyo iko juu yangu.